Je, Wajua? Roma Ilipokuwa Mteja wa Pwani Yetu

Je, wajua kwamba maelezo marefu ya kwanza kuhusu pwani yetu yaliandikwa na mchuuzi? Jina lake halikubaki. Alikuwa Mgiriki wa Misri, nchi iliyokuwa chini ya Roma, na aliandika katikati ya karne ya kwanza B.K., wakati Paulo na Petro wangali hai. Kitabu chake huitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Kina sura 66, nyingi fupi mno. Ukikisoma utadhani ni mama wa mitumba wa hapa Kangemi anamwagiza bintiye kabla ya kumtuma Gikomba alfajiri: shukia pale, yule ana mali safi, huyu umwogope, hiki nunua, kile achana nacho, na usichelewe kurudi.

Sura za 15 hadi 18 ndizo zetu. Pwani ya kutoka Somalia hadi Tanzania ya leo anaiita Azania.

Je, wajua kwamba jina hilo la Azania lilihamishwa? Katika karne ya 20 wapigania uhuru wa Afrika Kusini, hasa wa Pan Africanist Congress, walilichukua na kutaka nchi yao iitwe hivyo. Huku kwetu limesalia kwenye shule ya sekondari ya Azania jijini Dar es Salaam, na kwenye jarida la akiolojia lililoanza kuchapishwa mwaka 1966 na taasisi ya Waingereza ya utafiti wa Afrika Mashariki, yenye makao Kileleshwa. Kutoka Kangemi, hapo si mbali. Aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo, Neville Chittick, ndiye aliyechimba Ras Hafun kule Somalia mwaka 1975 na kupata vigae vya mitungi iliyotoka Misri na Iraki. Ras Hafun ndiyo bandari ambayo mchuuzi wetu anaiita Opone.

Je, wajua kwamba bandari ya mwisho katika daftari lake ilipewa jina la ushonaji? Aliiita Rhapta, neno la Kigiriki lenye maana ya vitu vilivyoshonwa, kwa sababu vyombo vya wenyeji havikuwa na misumari. Mbao zilitobolewa ukingoni, zikashonwa kwa kamba. Wapwani hawahitaji kuelezwa, kwani chombo cha aina hiyo wanakijua kwa jina la mtepe. Mitepe ya Lamu na visiwa vya Wabajuni, yenye tanga la mkeka na macho yaliyochorwa kwenye omo, ilikuwa bado baharini karne ya 20 ilipoingia. Warumi nao waliunda meli kwa njia nyingine: walichonga ndimi ndogo za mbao, wakazichomeka katika matundu ya ubao wa jirani, kisha wakazikaza kwa vijiti. Ni kazi ya seremala wa samani. Ya kwetu ilikuwa kazi ya fundi cherehani, ila cherehani haikuwapo. Na hapo hapo kwenye kitenzi hicho cha Kigiriki cha kushona ndipo lilipotoka neno rapsodia wanalolitumia watu wa muziki. Mwimbaji wa kale aliitwa mshona nyimbo.

Mwaka 150 hivi, mwanajiografia Ptolemy wa Iskanderia aliiita Rhapta jiji kuu. Jiji hilo halijapatikana hadi leo. Wako wanaolitafuta kwenye delta ya Tana, wengine Pangani, wengine Rufiji. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 kwamba amepata shanga za kioo za Kirumi upande wa Rufiji. Kura yangu naipeleka huko. Mto mkubwa, mikoko ya boriti, njia ya pembe kutoka bara: ningekuwa na duka wakati ule, ningelifungua hapo.

Je, wajua walituletea nini? Mikuki iliyofuliwa Muza, bandari ya Yemen, kwa ajili ya soko letu hasa. Mashoka. Visu. Misharasi, yaani zana za kutobolea. Na shanga za vioo za kila namna. Tazama hiyo misharasi tena. Watu wanaoshona vyombo vyao wanaletewa kifaa cha kutobolea! Mchuuzi hakueleza sababu, lakini mimi naona alikuwa amemjua mteja wake vizuri kuliko kampuni nyingi zinazotuwekea mabango kandokando ya Waiyaki Way.

Orodha inaendelea na kitu ambacho Mkenya atakielewa bila mkalimani. Mahali pengine meli zilibeba divai na ngano nyingi kiasi, naye anasema wazi kwamba hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa za kuwafurahisha wenyeji. Mkono mtupu haulambwi. Chai, kumbe, ina umri wa karibu miaka 2,000, na ilianza ikiwa divai.

Je, wajua walichukua nini? Pembe za ndovu nyingi, pembe za kifaru, magamba ya ng'amba, na kombe kidogo. Mchuuzi alipanga ubora kama wanavyofanya wafungua mtumba, wanaotenga kamera, yaani mali safi kabisa, upande mmoja na fagia, yaani mabaki, upande mwingine. Magamba yetu ya ng'amba yalikuwa namba mbili duniani, nyuma ya yale ya India tu. Pembe zetu za ndovu hazikuwa kamera: za Adulis, katika Eritrea ya leo, zilikuwa bora. Uchungu kidogo, lakini tujikaze.

Magamba hayo yalipasuliwa vipande vyembamba na kubandikwa kwenye vitanda na makabati ya matajiri wa Roma. Kifaru naye alipigwa chapa kwenye sarafu ndogo ya shaba ya mfalme Domitian, miaka ya 80 B.K. Ana pembe mbili. Kifaru wa India ana moja. Kwa hiyo yule wa kwenye sarafu alikuwa Mwafrika.

Sasa nifike kwenye sura ninayoipenda kuliko zote, ya 16. Je, wajua kwamba Rhapta haikuwa mikononi mwa Roma hata siku moja? Kila mahali palikuwa na mkuu wake, asema mchuuzi, na watu walikuwa wakulima wenye miili mikubwa. Juu yao, kwa haki ya zamani, alikuwako mtawala wa Mapharitis kule Yemen, naye aliwaachia wafanyabiashara wa Muza waisimamie Rhapta kwa kulipa ushuru. Hao wa Muza walituma meli zenye manahodha na mawakala Waarabu. Mawakala gani? Wale waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakaijua nchi na wakaijua lugha yake.

Soma hapo polepole. Karne nyingi kabla ya msikiti wa kwanza kujengwa Shanga kisiwani Pate, na kabla ya mtu yeyote kuandika neno la Kiswahili, tayari kuna wakwe kutoka ng'ambo, kuna watoto wa lugha mbili, kuna biashara inayofanyika barazani kwa shemeji. Mchuuzi wa Misri alikuja, akanunua, akaandika, akaondoka. Aliyebaki na soko ni mkwe. Roma iliyomiliki Misri, Uhispania na Ufaransa ilikuwa huku mteja tu, tena wa kupitia mlango wa nyuma.

Sishangai. Katika soko la Kangemi, ambako wauzaji wengi wanatoka Vihiga na Kakamega, bei ya sukuma wiki ya mtu anayeingia kimya si bei ya anayeanza na "Mulembe, mama." Mimi si Mluhya. Nilijifunza neno hilo kwa sababu ya nyanya.

Je, wajua kwamba safari ya kutoka Misri hadi Rhapta na kurudi ilimaliza karibu miaka miwili? Ya India, iliyo mbali vilevile, ilichukua mwaka mmoja. Ni mambo ya pepo. Meli ziliondoka Misri mwezi wa Julai, zikashuka Bahari ya Shamu hadi Ghuba ya Aden, halafu zikasubiri kaskazi ianze kuvuma ndipo zishuke na pwani yetu. Kurudi kulitaka kusi. Na ukishafika kwenye pembe ya Somalia unageuka tena na kuhitaji upepo mwingine. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa kukaa. Mabaharia walikaa Rhapta miezi kadhaa wakila, wakitengeneza matanga, wakisubiri, na ukikumbuka habari ya wakwe hapo juu utaelewa walikuwa wakifanya nini kingine.

Wagiriki waliusifu upepo wa kusi kwa jina la nahodha Hippalus, waliyesema ndiye aliyegundua njia ya kukata bahari wazi hadi India. Wahindi, Waarabu na watu wa pwani hii walikuwa wakiutumia upepo huo zamani. Ni kama mtu kuhamia Kangemi, akagundua njia ya mkato ya kwenda Kawangware, kisha akaibatiza jina lake.

Je, wajua kwamba mzigo wa baharini ulianza safari yake jangwani? Bidhaa za kutoka Iskanderia zilipanda Mto Nile kwa mashua siku 12 hadi Koptos. Hapo zilipakiwa kwenye ngamia. Kutoka Koptos hadi bandari ya Berenike ni siku nyingine 12, wakitembea usiku na kulala mchana kwa sababu ya joto. Familia moja ya Koptos, ya mtu aitwaye Nicanor, ilifanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa ngamia kwa miongo mingi, na stakabadhi zao ziliandikwa kwenye vigae vya mitungi. Zimesalia hadi leo: ngano kiasi fulani, kwa akaunti ya fulani, tumepokea. Sijui kama ujumbe wangu wa M-Pesa utadumu hivyo.

Barabara hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 90 B.K. Warumi walisimika jiwe Koptos lenye orodha ya ada za kupita. Baharia alilipa drakma 5. Mlingoti wa meli, drakma 20. Kahaba, drakma 108. Maiti naye hakusamehewa, maana msafara wa mazishi ulikuwa na ada yake, kwenda na kurudi. Wanaonung'unika kuhusu ada za Expressway pale James Gichuru wapate faraja kidogo.

Berenike yenyewe ilianzishwa karibu mwaka 275 K.K. kwa ajili ya kupokea ndovu hai wa vita kutoka upande wetu wa Afrika. Wachimbaji wa siku hizi wamekuta humo, ndani ya hekalu, mtungi wa Kihindi wenye kilo 7.55 za pilipili manga. Nyeusi bado.

Je, wajua kwamba ushuru wa forodha wa Roma kwa mali iliyoingia Misri kwa bahari hiyo ulikuwa asilimia 25? Robo nzima ya mzigo! Mkataba mmoja wa karne ya pili, ulioandikwa kwenye karatasi ya mafunjo na sasa umehifadhiwa Vienna, unahusu shehena iliyoletwa kutoka Muziris, India, kwa meli iitwayo Hermapollon. Baada ya kukatwa hiyo robo, mali iliyobaki ilithaminiwa karibu sesterse milioni 7. Askari wa Roma wakati huo alilipwa sesterse 1,200 kwa mwaka. Chukua simu yako upige hesabu.

Pesa za kununulia mzigo kama huo zilitoka wapi? Kwa mkopo, na masharti yake yalikuwa ya ajabu. Meli ikifika salama, mkopaji alilipa deni na riba kubwa, kubwa kuliko riba ya nchi kavu, kwa maana sheria haikuiwekea kikomo. Meli ikizama, deni lilizama nayo. Mkopeshaji alipoteza kila kitu, akaenda nyumbani. Mkopo na bima katika mfuko mmoja. Ni mfalme Justinian, mwaka 528, aliyekuja kuibana riba hiyo isizidi asilimia 12.

Je, wajua kwamba Roma walikuwa na chama? Cato Mkubwa, mwanasiasa wa karne ya pili K.K. aliyejulikana kwa ukali na ubahili, hakukubali kumkopesha mtu mmoja na meli moja. Aliwaambia wakopaji wajikusanye hadi wafike 50, wenye meli 50, ndipo awape. Kisha yeye mwenyewe alichukua hisa moja tu katika ushirika huo, kwa jina la Quintio, mtumwa wake aliyekuwa amemwacha huru, na Quintio akapanda meli pamoja nao kuchunga hesabu. Meli mbili zikizama, 48 zinarudi. Akina mama wa Gichagi wanaochangishana kila Jumapili wangemkubali mara moja, ingawa nadhani wangemkataza kuwa mweka hazina.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 27. Wasomaji wengi huisoma kwa ajili ya imani, nami siwazuii, lakini hakuna ripoti ya biashara ya baharini ya karne ile iliyo nzuri kuizidi. Paulo ni mfungwa ndani ya meli ya Iskanderia iliyopakia ngano kwenda Italia. Ndani mna watu 276. Msimu umeshapita: mwandishi mmoja wa Kirumi aliyeitwa Vegetius anatuambia bahari ilihesabiwa kufungwa kuanzia Novemba 11 hadi Machi 10. Nahodha na mwenye meli wanataka kusogea mbele kidogo tu wapate bandari nzuri ya kukaa msimu wa baridi. Dhoruba inawashika siku 14. Wanatupa shehena, wanatupa vifaa, mwisho wanatupa ngano yenyewe, na meli inavunjikia Malta.

Kwa nini watu hujaribu bahari iliyofungwa? Kwa sababu ya njaa ya jiji. Roma ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na mfalme Augustus alikuwa akiwagawia wanaume 200,000 nafaka bure. Unga ukikosekana, ikulu haikulala. Ndiyo maana Claudius, mfalme wa miaka ya 40 na 50 B.K., aliahidi kuwalipa wafanyabiashara hasara ya dhoruba wakikubali kuleta nafaka wakati wa baridi.

Na ile ngano iliyotupwa, ilikuwa hasara ya nani? Sheria iliyopewa jina la kisiwa cha Rhodes ilijibu: ya wote. Mzigo wa mmoja ukitupwa ili meli iokoke, wenye mizigo iliyobaki wanamchangia aliyepoteza. Sheria hiyo haijafa. Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given ilipokwama siku sita katika Mfereji wa Suez, wenye makontena yaliyokuwa ndani yake waliambiwa wachangie gharama ya uokoaji, kwa kanuni iyo hiyo. Kila kontena ninaloliona usiku likipanda Waiyaki Way kuelekea Malaba lilivuka bahari chini ya kanuni hiyo, dereva ajue asijue.

(Paulo alichukua miezi kufika Roma. Askofu wa Roma alipokuja Kangemi, Novemba 27, 2015, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, hakusubiri upepo.)

Haya, ya haraka haraka.

Je, wajua kwamba mtungi wa kawaida wa divai wa Kirumi ulichukua lita 26 hivi? Umezidi kidogo mtungi wetu wa maji wa lita 20, na wenyewe ulikuwa wa udongo, mzito hata ukiwa mtupu.

Mitungi ya mafuta ya zeituni haikutumika mara ya pili. Ilivunjwa na kurundikwa nyuma ya gati, ikawa kilima. Kilima hicho, Monte Testaccio, kiko Roma hadi leo, kimo chake mita 35, na inakadiriwa kina vigae vya mitungi milioni 53. Dandora ya mafuta ya kula.

Je, wajua kwamba meli za nafaka zilitambulika kwa tanga? Zikikaribia Puteoli, karibu na Napoli, ni za Iskanderia pekee zilizoruhusiwa kuacha tanga dogo la juu likipepea. Watu walikimbilia gatini wakiliona.

Wapima nafaka wa Ostia, bandari ya Roma, wamechorwa kwenye sakafu ya vijiwe: pishi katikati, fimbo ya kusawazishia mkononi. Fimbo hiyo ingehitajika hapa. Nimewahi kuuziwa maharagwe kwa gorogoro lililobonyezwa chini kama kofia, nikalipa bei ya gorogoro zima.

Je, wajua kwamba Julius Caesar aliwahi kutekwa na maharamia, karibu mwaka 75 K.K.? Walidai talanta 20. Akakasirika, akasema thamani yake ni 50. Akakaa nao siku 38, akakombolewa, kisha akarudi na meli na kuwasulubisha. Wamiliki wa MV Faina, iliyotekwa pwani ya Somalia Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya kivita, hawakuwa na ujasiri huo. Walilipa, na meli ikatia nanga Mombasa Februari 2009.

Je, wajua kwamba kwa karne kadhaa Warumi waliamini mdalasini unaota Somalia? Ulikuwa ukitoka Asia. Madalali wa Pembe ya Afrika na Arabia waliupokea, wakaupitisha, wakanyamaza. Pliny, mwandishi wa karne ya kwanza, aliandika habari za wauza mdalasini waliovuka bahari kwa vyelezo visivyo na usukani wala tanga, wakichukua karibu miaka mitano kurudi. Hadithi kama hiyo hupandisha bei. Muulize dalali yeyote wa viwanja.

Mchuuzi wa Periplus anataja pia kisiwa cha Menouthias, umbali wa stadia 300 kutoka bara, yaani kama kilomita 55. Wengine husema ni Unguja au Mafia. Mimi kwa umbali huo nasema Pemba. Asema ni cha chini, kina miti, na watu wake wana mitumbwi na vyombo vya kushonwa. Kasa na samaki huwanasa kwa vikapu wanavyovitega kwenye milango ya vijito badala ya nyavu. Mvuvi wa leo akisikia hivyo atakuuliza kuna ajabu gani: hilo si dema? Kisha mchuuzi anaongeza kwamba kisiwani kuna mamba, lakini hawamdhuru mtu. Nadhani aliona kenge.

Je, wajua kwamba habari za maziwa yetu makuu zilifika Iskanderia kabla ya mwaka 150? Mfanyabiashara Diogenes alikuwa akirudi kutoka India, upepo wa kaskazini ukamsukuma siku 25 kwenye pwani yetu, na akafika karibu na Rhapta. Ptolemy aliandika kwamba hapo jirani ndipo yalipo maziwa unakotoka Mto Nile, na akayaweka kwenye hesabu zake pamoja na Milima ya Mwezi iliyovikwa theluji. Vipimo vyake vilikosea vibaya, lakini maziwa yapo. Mwingereza Speke aliona mojawapo ya maziwa hayo mwaka 1858 akatangaza ugunduzi. Abiria wa basi la usiku la Kisumu hufika hapo kabla ya chai.

La mwisho ni la zamani kuliko kitabu cha mchuuzi wetu. Karibu mwaka 116 K.K., kabla Roma haijaitwaa Misri, nahodha Eudoxus wa Cyzicus alikwenda India mara mbili kwa niaba ya wafalme wa Misri. Kila aliporudi, mfalme alimnyang'anya shehena yote. Katika kurudi mara ya pili upepo ulimtupa kwenye pwani ya Afrika, kusini ya Ethiopia. Aliwapa wenyeji mkate, divai na tini kavu, vitu ambavyo hawakuwa navyo. Wao wakampa maji na watu wa kumwongoza njia. Strabo, aliyetuhifadhia kisa hiki, alikitilia shaka kama tunavyotilia shaka hadithi za mtu aliyerudi kutoka ng'ambo na simu mpya. Lakini kuna jambo moja dogo ndani yake ambalo mwongo hana sababu ya kulitunga: Eudoxus alikaa chini na kuandika orodha ya maneno ya watu wale.

Orodha ilipotea. Kwa kuwa alihitaji maji kwanza, halafu njia, nadhani maneno mawili ya juu kabisa yalikuwa hayo.